Ala Iliyokataa Kuachilia Mkasi

Mwanangu, nakumbuka Jumamosi moja ambayo hata leo ikinijia nikiwa peke yangu, najifunika uso kwa leso. Jana nilipokuona ukisogeza ile ala, ule mfuko wa ngozi wa plaisi ya fundi wa stima, karibu na jiko ili ikauke upesi, ikanirudia yote. Hebu weka sindano chini nikueleze.

Nilikuwa msichana wa Ruring'u, nimejifunza kushona ngozi kwa miezi michache tu, na tayari nilijiona bingwa. Kijana aliyetaka kunioa, huyu huyu mzee wangu unayemjua, kwao ni Gakindu kwenye kahawa. Baba yake, Mzee Gathogo, alikuwa mtu wa maneno machache na suruali nyingi zilizotoboka, kwa sababu mkasi wake wa kupogolea kahawa aliutia mfukoni. Alikuwa amesikia kwamba mwanawe anataka msichana wa kushona ngozi, na hakupendezwa. Siku hiyo alikuwa anakuja kwetu na wazee wake kuniona, na nilijua akitikisa kichwa, ndoa imekwisha. Nikaamua kumshonea ala ya mkasi, ya kuvaa mshipini. Mwanawe akaniletea mkasi wenyewe kimya kimya.

Nilishona ngozi, nikailowesha, nikaivuta juu ya mkasi, nikaibonyeza kwa vidole mpaka umbo likaonekana. Aliyenifundisha alikuwa ameniambia niikaushe kivulini bila haraka. Lakini ulikuwa mwezi wa Julai, na unajua baridi yetu ya Julai. Ngozi ilikataa kukauka. Nikaiweka kando ya jiko. Ikakauka, mwanangu, ikawa ngumu kama ukoko wa ugali. Niliutikisa mkasi, haukucheza hata kidogo, nikafurahi. Kuutoa sikujaribu. Ningeutoa ya nini, na ulikuwa umekaa vizuri hivyo?

Mzee Gathogo alipoipokea uso wake ulilainika kidogo.

"Sasa hii ni kitu," akasema, akaifunga mshipini. "Wacha nionyeshe hawa."

Akashika mpini, akavuta. Mshipi ukapanda mpaka kifuani. Akavuta tena, suruali ikapanda, tukaona soksi zake, moja nyeusi na moja ya kijani. Mama akakohoa ndani ya kikombe cha chai. Wazee wawili wakamvua mshipi, mmoja akashika ala na mwingine mpini, wakavutana kama watu wanaomsaidia ng'ombe kuzaa.

"Vuta! Ati unaogopa mkasi?"

Mwenye mpini akateleza, akakalia kiondo, kikapu cha nduma za wageni. Mkasi haukutoka.

Mzee akanigeukia. "Msichana, ulijaribu kuitoa?"

"Hapana, Mzee."

"Ulijaribu tu kuingiza?"

"Ndiyo, Mzee."

Nilitamani kulia. Badala yake nilileta kisu changu, nikapiga magoti mbele yake, nikafumua mshono mmoja mmoja, wote wakinitazama. Mkasi ukatoka na madoa ya kutu. Mzee akaupangusa kwenye suruali, akaigeuza ile ngozi, akaiangalia muda mrefu.

"Imeshonwa mzuri sana," akasema. "Shida yake ni haina kutoka." Kisha akawaambia wazee, "Huyu tutachukua. Akikosea hajifichi jikoni." Akanielekezea kidole. "Na utanishonea ingine. Lakini mkasi yangu usiibwe tena. Niulize."

Nilicheka na kulia pamoja.

Basi, mwanangu, ondoa hiyo ala kando ya jiko. Iache kivulini hata kama mteja anapiga simu kila saa. Ala haitengenezwi ili kushika tu, inapaswa kuachilia pia, kwa hiyo ivae wewe kwanza, uchomoe na kurudisha mpaka mkono uchoke. Na siku utakapokosea mbele za watu, kwa maana utakosea, usiwaeleze habari za baridi. Leta kisu, ufumue mwenyewe wakiona.

Mungu aitie nguvu mikono yako, akupe wateja wenye subira, na ukienda kuoa akupe baba mkwe kama wangu, hata soksi zake zisipofanana.