Alimtangulia kwa Ndege

Miaka ile ndege za abiria za kampuni binafsi zilikuwa zimeanza kuja Mwanza. Nilizitazama zikishuka upande wa ziwa, nikaendelea na kazi zangu. Kwetu Kirumba, Dar es Salaam ilikuwa siku mbili za treni, na ikikwama Tabora, tatu. Binti yangu naye alihesabu hivyo hivyo, ndiyo maana alipomkimbia mumewe huko Dar hakuangalia nyuma.

Mimi sikujua kama amekimbia. Asubuhi natwanga karanga jikoni, nikasikia hodi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Karibu."

Alikuwa mkwe wangu, viatu vinang'aa, kabeba kifuko tu.

"Mwenzangu yuko kwenye treni na mizigo. Mimi nimekuja na ndege leo hii. Saa moja na nusu, mama! Hata soda sikuimaliza."

Nilifurahi. Kwetu Wasukuma mama hakai chumba kimoja na mkwe wake, wala hamgusi hata mkono. Yeye akakaa sebuleni, mimi nikarudi jikoni, nikamsukumia sinia la ugali na sangara chini ya pazia. Akala akamaliza.

Mara mlango ukafunguliwa bila hodi. "Mama!" Ni binti yangu.

"Wewe umefikaje hapa?" alimuuliza mumewe.

"Ulifikiri Dar ni mbali? Umepigwa vumbi siku mbili, mimi nimelala kitandani kwangu. Popote utakapokwenda utanikuta nimekaa."

Nikasikia kofi. Kisha kitu kizito kikagonga ukuta, na nilijua ni kichwa.

"Mama, ananiua!"

Nilisimama nyuma ya pazia, mchi mkononi. Tangu wanangu waanze kuolewa sikuwahi kuvuka pazia lile mkwe akiwemo. Kiti kikavunjika. Sinia likaruka. Kisha binti yangu akaacha kupiga kelele, na kule kunyamaza ndiko kulikonivusha.

Mkwe wangu alikuwa amemkalia kifuani, vidole shingoni. Nikampiga begani. Akageuka akanitazama usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aoe.

"Mama, unampiga mkwe?"

Nikampiga mdomoni. Meno yakatoka pamoja na hilo swali. Akainuka kunijia, nikampiga gotini, goti likalia kama muhogo mkavu. Akatambaa mpaka nje, damu inamchuruzika kwenye shati lake la safari, anatukana.

Wazee wa ukoo wakaniitia kikao.

"Mkwe hapigwi," mkubwa wao akasema. "Utatoa mbuzi, mwiko uondolewe."

"Mbuzi mtapewa. Na yeye anatoa nini kwa shingo ya mwanangu?"

Mmoja wao akasema, "Mama huyu, ulimi wake kama mchi wake." Wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu binti yangu alikuwa chumbani hawezi kumeza hata uji, na yule mwanaume, goti likipona, nauli ya ndege anayo.

Shingo ilipopungua uvimbe nikampandisha kivuko mpaka Kamanga, tukashika njia kwa miguu hadi kwa shangazi yake, huko ambako hata baiskeli inabebwa begani. Akalima viazi, akanenepa. Mumewe alimtafuta Dar, akamtafuta Tabora, akamtafuta Shinyanga. Ng'ambo ya pili ya maji, pua na mdomo kutoka kwangu, hakufika.