Vidole Vilivyongoja Nyuzi

Nehemiah Ogari wa Nyamarambe alikuwa mkulima wa ndizi tu, lakini akishika obokano, kile kinubi chetu kikubwa cha nyuzi nane, hata wenye kisirani walisimama kucheza. Bintiye Bitutu alikuwa ameahidiwa tangu utotoni: siku ya harusi yake, baba atampigia.

Mwaka wa 1968 sufuria ya uji iliteleza mafigani, Nehemiah akaidaka kwa kiganja cha kulia. Ngozi ikachunika. Zachariah, mhudumu wa zahanati, alimfungia mkono juu ya ubao, vidole vimenyooka.

"Mzee, ubao huu usiutoe," alimwambia. "Chembe za mwili hutambaa kutoka kingo za kidonda. Kila moja inajishikiza kwenye nyama iliyo mbele yake, inavuta, inasogea. Hazionekani kwa macho, lakini zikivuta pamoja ngozi inafuata. Na vidole vinafuata ngozi."

Nehemiah aliitikia vizuri. Ila nyumbani, kila alipokitazama kinubi ukutani, moyo ulimuuma kuliko kidonda. Vidole vilivyonyooka kama vijiko vitapiga nini? Alihofu vitasahau kazi. Wiki ya pili akatoa ubao, akavikunja vidole jinsi vinavyokaa kwenye nyuzi, kila kimoja mahali pake, akamwambia mkewe Orpah avifunge hivyo hivyo. Mtu mzima na akili zake! Orpah alibisha, akachoka, akafunga.

Kidonda kilipona vizuri, na huo ndio ulikuwa msiba wenyewe. Kovu lilikaza kama ukanda. Zachariah alijaribu kuvinyoosha vile vidole, havikusogea hata kidogo, na hakuwa na moyo wa kumkemea.

Miaka sita Nehemiah alitamani kupiga tena. Obokano ikisikika ng'ambo ya bonde, aliacha kulima akasimama na jembe lake.

Bitutu aliolewa mwaka wa 1974. Asubuhi, kabla ya wageni kufika, Nehemiah alishusha kinubi na kukipangusa vumbi. Vidole vya kulia viliingia kwenye nyuzi zake vyote, bila kukosea hata kimoja, vikakaa.

"Piga basi, baba," Bitutu alisema.

Mkono wa kushoto ukapiga sehemu yake, ukangoja pale ambapo wa kulia ungejibu, ukapiga tena. Bitutu aliujua wimbo ule. Alisikiliza mpaka mwisho, hata pale palipokuwa kimya.