Niliwapigisha Watoto Kura, Akaadhibiwa Asiye na Kosa

Jamani, mkosaji ni mimi. Nalisema mapema ili msije mkaanza kunionea huruma. Kwa padri nilishaungama zamani, nikapewa malipizi, nikayasali. Ila mbele za watu sijawahi kulisema, na linanikaba mpaka leo.

Ilikuwa miaka ile vyama vingi vilipoingia. Nilikuwa mlezi wa vijana katika kigango kimoja hapa Songea, upande wa Msamala, na kazi iliyonilisha ilikuwa cherehani. Mitumba ilikuwa imeshajaa sokoni, wateja wamenikimbia, kwa hiyo hasira nilikuwa nazo hata kabla sijafika kanisani. Nafika, nakuta nini? Watoto wa kipaimara wamevaa suruali za mitumba wanazoweza kuingia watu wawili, kapelo kichwani ndani ya nyumba ya Mungu, na wanatafuna bablishi!

Na dharau sasa! Nikiingia tu, mmoja anaanza, "Trrrrr," sauti ya cherehani. Nikigeuka, wote wanatazama msalaba kama watakatifu. Nikianza kufundisha, "Trrrrr" kutoka kona nyingine. Niliwapigisha magoti, niliwatoa nje, niliwaita wazazi wao. Mzazi anakuja, ananiambia, "Mama mlezi, hata nyumbani ananishinda." Sasa mimi nifanyeje? Nilikuwa narudi nyumbani nalia kwa hasira, mtu mzima mimi!

Aliyekuwa na adabu ni msichana mmoja. Nitamwita Rehema, si jina lake. Mama yake alikuwa muuguzi aliyehamishiwa kwetu kutoka Musoma, wakiishi wawili tu. Rehema ndiye niliyempa ufunguo wa kanisa. Alifika kabla ya wote, akafagia, akapanga mabenchi. Wenzake wakianza fujo anawageukia: "Nyamazeni bhana! Mama anafundisha!" Walimchukia kweli kweli. Mimi nilifurahi kupata msaidizi, wala sikuona kwamba namtafutia maadui mtoto wa watu.

Zilipobaki wiki chache askofu aje, paroko akaniita.

"Mama, hawa wakifanya vituko mbele ya askofu, mimi na wewe tutaonana wabaya. Fanya kitu."

Nikafanya. Laiti ningekaa tu!

Kijijini kwetu mahindi yakiibwa, mtendaji alikuwa anawakusanya watu, kila mmoja anaandika kwa siri jina la anayemshuku. Anayetajwa na wengi ndiye anakamatwa. Halafu miaka ile redio ilikuwa kutwa kura, kura, demokrasia. Nikaona dawa ndiyo hiyo! Jumamosi nikawagawia vikaratasi, nikaweka kikapu cha sadaka mbele ya altare.

"Andikeni jina la mwenye tabia mbaya kuliko wote," nikawaambia. "Mwogopeni Mungu mnapoandika. Atakayeongoza, kipaimara cha mwaka huu hapati. Na sibadilishi neno, kura ni kura!"

Nilijua ataongoza mmoja wa wale wa kapelo. Nikaanza kufungua vikaratasi mbele yao kwa mbwembwe. Rehema. Cha pili, Rehema. Rehema, Rehema, Rehema! Yeye alikuwa benchi la mbele, mikono magotini, ananitazama. Huko nyuma wanaziba midomo wasicheke.

Mmoja akasema, "Mama, si umesema kura ni kura?"

Ningeweza kuvichana vile vikaratasi palepale! Lakini nilifikiria watakavyosema kwamba Mama Cherehani kashindwa tena. Nikasema jina nitalipeleka kwa paroko kesho.

Hilo mnaweza hata kunisamehe. Baya ni hili linalofuata. Jioni nilikuwa nachambua dagaa na binti yangu Stela, naye alikuwa darasa lilelile. Akasema, "Mama, usipeleke lile jina. Tulipanga."

"Mlipanga na nani?"

"Wote. Mimi ndiye niliyepita kuwaambia. Yule anajifanya mtoto wako kuliko mimi."

Mnasikia? Mwanangu wa kumzaa! Kwa hiyo jina lililostahili kwenda kwa paroko lilikuwa la Stela. Nikaifikiria jumuiya nzima ikisikia kwamba kinara wa utovu wa adabu anatoka nyumbani kwa mlezi. Nikamwambia, "Funga mdomo wako, usimwambie mtu." Akafunga. Mtoto alikuwa ameshakiri mwenyewe, bila kuchapwa wala kuulizwa, na mimi mama yake nikamfundisha kunyamaza!

Jumapili nikampa paroko jina la Rehema. Akashangaa, "Huyu anayefagia?" Nikajibu, "Padri, wenzake ndio wanaomjua." Ulimi wangu huu!

Mama yake alikuja kwangu akiwa bado na gauni la kazi.

"Mama Stela, mwanangu kafanya nini? Nitajie kosa, nitamwadhibu mwenyewe."

Kosa la kumtajia sikuwa nalo. Nikasema habari ya kura.

"Kura ya watoto?" akasema. "Bibi yake ameshapanda basi huko Musoma aje kumwona mjukuu wake. Nimwambie nini?"

Gauni jeupe la Rehema lilikuwa limening'inia ukutani nyuma yangu, maana mimi ndiye niliyelishona. Akalichukua, akaondoka bila kuaga. Stela alikuwa mlangoni, akanitazama. Hata hapo nilikuwa na nafasi ya kumkimbilia yule mama nikamwambia ukweli. Nilirudi nikakaa kwenye cherehani.

Siku ya kipaimara ikafika. Askofu alinitania kidogo mbele ya waumini, "Mama mlezi, hawa umewalea mwenyewe. Wanastahili?"

Nikajibu kwa sauti kubwa, "Wanastahili, Baba Askofu!"

Nyuma yangu, taratibu kabisa, nikasikia, "Trrrrr."

Jamani! Nilimuumiza mtoto wa watu ili nipate heshima, na heshima yenyewe sikuipata. Stela alipakwa krisma kichwa kimeinama, na picha hakutaka kupigwa.

Haukupita muda yule muuguzi akaomba uhamisho. Kabla hawajaondoka, Rehema alinifuata kibandani kwangu sokoni. Nilitamani niingie chini ya meza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Nimeleta ufunguo wa kanisa."

Badala ya kuomba radhi, nikaanza kujitetea! "Rehema mwanangu, usinichukie mimi. Wenzako ndio walioandika jina lako."

"Najua, mama. Hata mimi niliandika jina langu."

"Wewe? Kwa nini?"

"Si ulisema tumwogope Mungu tunapoandika? Asubuhi ile nilikuwa nimemjibu mama vibaya."

Akauweka ufunguo juu ya cherehani, akaenda zake. Sikumwona tena. Nilisikia tu kwamba walikokwenda aliacha kusali kabisa.

Stela sasa ana watoto wake. Nikimkanya jambo hanibishii, ananitazama tu kama alivyonitazama siku ile mlangoni, na mimi naishia hapo. Huyo ndiye niliyedhani namlinda.

Ninyi walezi wa vijana mnaonisoma, najua wanavyoudhi, msidhani nimesahau! Lakini mtoto akikukosea, mwite yeye, mkabili wewe mwenyewe. Ukishindwa, kubali kwamba umeshindwa, nenda kamwambie paroko hivyohivyo. Msiwape watoto kazi ya kuhukumiana kwa sababu ninyi mmechoka. Na ukishajua umekosea, rudi siku ileile ukaseme, hata kama kosa linalala chini ya paa lako.

Baada ya Rehema kuondoka, nilisimama mbele ya vijana wangu na ule ufunguo, nikauliza nani atafungua na kufagia. Wote wale niliomwambia askofu kwamba wanastahili walitazama chini, Stela akiwemo. Nikachukua fagio mwenyewe. Mpaka leo, magoti yananiuma, kanisa lile nafagia mimi.