Sufuria ya bibi na mashine ya maabara

Leo nusura niwaambie watu wa kwetu Meru waache kunywa maji ya chemchemi! 😳

Hapa maabara tuna mashine inayopima uzito wa atomi. Chembe ya metali isiyoonekana hata kwa hadubini ikipita, mstari kwenye skrini unaruka.

Nikaweka maji ya chemchemi aliyonichotea bibi jana.

Mstari ukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa. Alumini tupu!

Nikampigia. "Shikamoo bibi. Ulichotea nini?"

"Marahaba. Sufuria. Niliisugua kwa mchanga na jivu mpaka ikang'aa. Maji yanaenda kwa wasomi, niyatie kwenye masizi?"

Nikapima maji ya chupa yangu ya plastiki, niliyoijaza palepale chemchemini.

Mstari ukalala tuli. Kumbe alumini ilikwanguka kutoka kwenye sufuria iliyosuguliwa!

Jamani, nani atamwambia bibi kwamba kilichochafua maji ni usafi wake? Mimi siwezi. 😂