Vifuniko Tisa vya Mbolea

Juma lililopita nilinunua ua kando ya barabara ya Kasapa, kwa mzee mmoja anayepanga vyungu vyake chini ya ukuta. Ua jekundu, lile ambalo petali yake ni moja tu, ngumu, inang'aa kama imepakwa mafuta, na katikati kimesimama kijiti cha njano. Mzee akanipa na kifuko kidogo cha mbolea. Akaniambia, "Mama, robo ya kijiko mu litre moya ya mayi, mara moya ku mwezi. Lakini kwanza unyweshe udongo mayi ya bule, bila kutia kitu." Nikamwomba arudie. Akarudia. Nilipomwomba mara ya tatu akaniangalia vizuri, pengine alifikiri sisikii. Nilikuwa nasikia, rafiki yangu. Nilitaka tu kuwa na hakika ya kipimo.

Sikufichi, mimi mwoga wa mbolea, na woga huo nilianza nao nikiwa na miaka kumi.

Tulikuwa tunakaa Ruashi, katika nyumba ya matofali ya kuchoma ambayo haikumalizika mpaka nilipoolewa. Vyumba vya kulala havikuwa na plasta, lakini sebule ilikuwa na kila kitu, maana mama alisema mgeni haendi kuangalia chumba cha kulala. Malori ya madini yakipita barabarani, glasi kabatini zilikuwa zinagongana, na vumbi jekundu lilikuwa linaingia hata madirisha yakiwa yamefungwa. Kwa hiyo Jumamosi ilikuwa siku ya kufuta. Nilifuta viti, nikafuta kabati, na huku nje kinu cha sombe, majani ya muhogo, kinalia kwa jirani, na makaa yanashika kwenye mbabula. Kazi moja tu haikuwa yangu. Ua la dirishani lilifutwa na mdogo wangu, jani kwa jani, na kitambaa chenye maji.

Huyo mdogo wangu alikuwa mtoto wa mama mdogo, lakini kwetu huyo ni ndugu wa tumbo moja, hakuna maneno mengi. Mama mdogo alikuwa mfanyabiashara, anavuka mpaka pale Mokambo, analeta mafuta ya kupikia na sabuni kutoka Zambia. Safari moja akaleta ua kama hili langu, amelipakata njia nzima, limefungwa kwa kitenge. Kabla mwaka haujaisha akaugua, akafa. Akatuachia vitu viwili, ua lake na binti yake wa miaka minane.

Tangu siku ya maziko ua halikutoa kichwa. Majani yalikuwa mazuri, ya kijani kabisa, lakini chekundu hakikuonekana. Mama alikuwa analisimamia asubuhi, anasema, "Lichanue tu mbele tumalize matanga." Ilibaki miezi miwili matanga ya mwaka yamalizwe, na mimi nikaamua kwamba atakayelichanusha ni mimi. Si upendo peke yake, nitasema ukweli. Wageni walikuwa wanamsifu mdogo wangu kwa majani yale, na viti vyangu hakuna aliyeviona.

Kuhusu mbolea, nilijiona fundi. Nkambo, ndivyo tunavyomwita bibi huku kwetu, alikuwa na shamba la mahindi nje ya mji, na sisi watoto tulikuwa tunampelekea mikono yetu kila masika. Kipimo chake kilikuwa kifuniko cha chupa ya bia. Mahindi yakifika magotini, unachota kifuniko kimoja cha engrais, mbolea ya dukani, unakiweka mbali na shina kiasi cha kiganja, unafukia, unasonga mbele. Mstari mzima hivyo, mgongo unauma, na nkambo nyuma anasema, "Muhindi moya, kifuniko moya. Usimunyime, usimuvimbishe." Mvua ndiyo ilikuwa inamalizia kazi.

Basi siku moja, mchana, mama yuko sokoni, nikachota kwenye gunia la nkambo lililokuwa nyuma ya mlango wa jikoni. Nikasimama mbele ya ua, nikajiuliza shina la mahindi hapa liko wapi. Nikahesabu majani. Yalikuwa tisa. Nikaweka vifuniko tisa katika chungu kisichozidi sufuria ya kusongea bukari, ugali wetu, ya watu wawili, nikafukia vizuri kama nilivyofundishwa, nikasawazisha udongo kwa kidole. Maji sikuweka. Jumamosi mdogo wangu akafuta majani yake, akamimina kikombe chake cha maji kama kawaida.

Jumatatu ncha za majani zilikuwa za kahawia. Jumatano zilikuwa zimejikunja. Siku ya kumi ua lote lilikuwa limelala juu ya ukingo wa chungu, jeusi, na mama amekaa mbele yake na kitenge kichwani kama siku ya msiba.

Jirani mmoja, mwanamke aliyekuwa anaongoza maombi katika njia yetu, akaja kumfariji. Mimi nilikuwa nachambua mchele mlangoni. Nikamsikia anauliza kwa sauti ya chini, akinyoosha kidole kwenye ua, "Mama, ile fleur, nani anaigusaka?" Mama aligeuza macho kuelekea uwanjani, kwa mdogo wangu aliyekuwa anaanika vyombo. Jirani akasema, "Mama yake alikufa mu mikono yake. Sasa na hii. Angalia vizuri mutoto unayekaa naye."

Kama hujakulia kwetu, labda hujui neno hilo lina uzito gani. Mtoto akishaitwa mlozi, yaani mchawi, hata anayempenda anaanza kumwogopa. Kesho yake mdogo wangu akapewa sahani yake peke yake. Kesho kutwa mkeka wake ukahamishiwa jikoni. Halafu nikasikia siku imepangwa. Jumatatu angepelekwa kwenye nyumba ya maombi, siku tatu bila kula wala kunywa, mpaka akubali kwamba ni mlozi. Nilikuwa najua watoto waliokubali. Hakuna aliyerudi kukaa kwao.

Na mimi nilijua. Kila nilipofungua mdomo niseme, niliishia kusema mambo mengine. Niliogopa fimbo ya mama, ndiyo, lakini fimbo nilikuwa naifahamu. Niliogopa zaidi macho yale yasije yakageukia kwangu. Na sikiliza jambo ninaloona haya nalo mpaka leo. Ijumaa nilianza kujiambia kwamba mbolea haiui, kwamba nkambo anaweka kila mwaka na mahindi yanaota, kwa hiyo labda kweli ni yeye. Nilipomwona anakuja na ndoo, nikasogea pembeni nguo yake isiniguse.

Aliona. Akaweka ndoo chini, akakaa juu ya tofali, akaniuliza mimi dada yake mkubwa, "Yaya, muntu anaweza kuua kintu na hajue?"

Nikasema, "Sijue."

"Pengine njo miye niliyeiua ile fleur," akasema. "Pengine na mama, njo miye niliyemuua."

Alisema polepole, bila kulia, kama mtu anayetafuta jibu la hesabu. Nikaona amekwisha kukubali, hata kabla ya siku tatu za njaa.

Jumamosi adhuhuri nkambo akarudi kutoka shambani, alikolala juma zima, miguu ina udongo. Mama alikuwa anamweleza mambo ya Jumatatu, na jirani yuko pale, anatikisa kichwa. Nikaingia katikati yao. Nikasema, "Mama, njo miye. Nilitia engrais ya mahindi. Vifuniko tisa."

Nilingoja kofi. Mama hakunyanyua mkono. Alirudi nyuma hatua moja, akaniangalia kwa woga, mama yangu mzazi, akauliza, "Alikulisha nini?"

Jirani akasema, "Unaona. Amekwisha kumuingiza na huyu."

Hapo ndipo nilipohisi baridi ambayo sijaihisi tena. Ukweli nilikuwa nimeusema na haukufaa kitu. Tulikuwa tumekuwa walozi wawili.

Nkambo aliinuka, akachukua chungu dirishani, akakipindua juu ya saruji ya baraza. Udongo ukatoka mzima, una umbo la chungu. Akaupasua kwa vidole. Mizizi ilikuwa imeungua, myeusi, na katikati yake punje za kijivu zimejaa, nyingine hazijaanza hata kuyeyuka. Akachukua punje moja, akaionja, akatema. Akamnyooshea mama nyingine.

"Onja."

"Mama, lakini..." mama yangu akaanza kumjibu.

"Onja, nakuambia."

Mama akaonja, akatema.

"Ni engrais yangu," nkambo akasema. "Kama munatafuta mulozi, mubebe miye Jumatatu. Njo miye nilifundisha uyu mutoto kupima."

Jirani alichukua mkoba wake akaenda. Sikupigwa siku hiyo wala baadaye, na nilingoja kwa juma zima. Mchana ule mama alipika bukari na mchicha wa lengalenga na samaki wa kukauka, akaweka sahani moja kubwa, akamwita mdogo wangu kutoka jikoni. Akanawa, akakaa pamoja nasi, mikono yake ameilaza mapajani. Sisi tunakula, yeye anaangalia. Mama akamega tonge, akamwekea kiganjani, akaondoka mbio kwenda kulia nyuma ya nyumba.

Mengi ya siku zile hayapo. Nkambo tulimzika, shamba lake limekuwa viwanja vya watu, nyumba ya Ruashi ina mwenyewe mwingine. Mama amezeeka, na neno la ua halijatoka mdomoni mwake hata mara moja. Hayo yote huwa yanapotea, siyalilii sana. Ninachokililia ni mtoto wa miaka minane aliyekuwa anaingia sebuleni kwetu bila kupiga hodi, anafungua kabati, anashika glasi, anashika nywele zangu, anashika kila kitu.

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, mdogo wangu alikuja hospitali na mchuzi wa kuku ndani ya termosi. Ni mtu mzima sasa, ana mume, ana kazi nzuri. Nikamnyooshea mtoto. Akasimama mwisho wa kitanda, mikono nyuma ya mgongo, akaniuliza kwa sauti ndogo sana, "Yaya, nimuguse?"