Cherehani Anafunga Mdomo

Wajukuu wameniganda niandike habari za shangazi yao, kana kwamba mkono huu umezoea kalamu. Haya, naandika. Atakayecheka herufi zangu aje aandike yeye.

Shangazi yao, kitinda mimba wangu, ni mwalimu wa darasa la tatu. Wanafunzi walimbandika jina Cherehani, maana mdomo wake ukishaanza hauna breki. Mwaka mmoja alikoseshwa raha na binti mmoja mwenye kigugumizi. Mwalimu mkuu alishakata shauri: "Ijumaa asome mbele yangu. Akishindwa, anarudi darasa la pili."

Cherehani alihangaika, masikini. Binti akianza, "M-m-m..." yeye anadakia, "Mama! Safi sana! Mpigieni makofi!" Makofi yanapigwa, binti anakaa. Kila siku hivyo hivyo. Na watundu wa nyuma nao: "Gari limegoma, sukumeni!"

Alhamisi uvumilivu ukamwisha. Akamwita binti pembeni, dirishani.

"Mwanangu, nifanye nini tena? Nakusaidia, nakubembeleza, makofi unapigiwa. Kwa nini husomi?"

Binti akatazama viatu vyake. "Mwa-mwalimu, u-u-una..."

"Unaumwa?"

Akatikisa kichwa. "U-una..."

"Unaogopa? Sema basi!"

Binti akapiga mguu chini. "Una-na-nimalizia!"

Cherehani akajiziba mdomo kwa kiganja. Mimi niliyemzaa sijawahi kuliona jambo hilo.

Ijumaa binti akasimama na kitabu. "K-k-k..."

Mwalimu mkuu akafungua mdomo.

"Mwache, mwalimu mkuu, tafadhali," Cherehani akasema, kisha akajiuma midomo mpaka macho yakamtoka. Ulimi ulimwasha kama upele. Mtundu mmoja akaanza, "Gari lime..." akakutana na jicho la mwalimu, akameza yaliyobaki. Kengele ya mapumziko ikalia. Hakuna aliyethubutu kuinuka.

"K-kuku... ame... a-amepanda... juu ya me-meza."

"Sentensi moja tu hiyo!" mwalimu mkuu akafoka. "Tutakesha hapa?"

"Moja, ndiyo. Lakini kaimaliza mwenyewe."

Mzee wa watu akaguna, akajifuta jasho. "Basi abaki. Ila subira hiyo mimi sina."

"Hata mimi sina, mwalimu mkuu. Nimeilazimisha."

Na wewe unayesoma, usikae tu hapo. Mwite mtoto wako sasa hivi, muulize jambo, halafu nyamaza mpaka amalize. Nimesema mpaka amalize!