Nukta Isiyo na Mstari

Msimamizi wangu wa utafiti alikuwa amekataa mada zangu tatu. Ya kwanza ilihusu kasi ya intaneti chuoni, ya pili usalama wa nywila, na ya tatu hata mimi mwenyewe sikuielewa. Akaniambia nikirudi kutoka likizo bila mada ya maana, nitarudia mwaka. Nikapanda basi kwenda nyumbani Kewanja nimenuna kama mtu aliyenyimwa chakula.

Nilikuta kijiji kimechangamka. Dhahabu ilikuwa imeonekana mashambani upande wa Kemambo, na kila mwenye sululu alikuwa huko. Mimi sikuijali sana hiyo dhahabu. Kule mashimoni simu hazikushika. Ukitaka kupiga, upande kilima kwanza. Sasa habari ya shimo jipya lililopatikana alfajiri ilifikaje vijiji vyote asubuhi ileile? Mwili ulinisisimka. Huo ulikuwa mtandao, tena hauna waya wala mnara, na hakuna aliyewahi kuuchora!

Nikachukua daftari. Kila mchimbaji angekuwa nukta, na kila aliyempa mwenzake habari angeunganishwa naye kwa mstari. Fomu niliyotoka nayo chuoni iliuliza: marafiki zako watano ni akina nani? Nilihoji watu siku sita, nikachora, na mchoro ukatoka ovyo kabisa. Marafiki walikuwa hawajaambiana chochote. Kidogo nilichane lile daftari.

Shangazi yangu, aliyekuwa akiwauzia wachimbaji uji, aliisoma ile fomu akacheka mpaka akaweka kata chini.

"Umesoma mpaka ukapotea," alisema. "Nani anamwambia rafiki habari ya dhahabu? Mtu anawaambia wa rika lake. Waulize walitahiriwa pamoja na akina nani."

Siku ile nilimpenda shangazi kuliko walimu wangu wote. Kwetu vijana walioingia jando pamoja hutaniana maisha yao yote, hata kwa matusi, na kumficha mwenzako jambo la riziki ni aibu. Nililijua hilo tangu utotoni, na bado nilikwenda kuwauliza watu habari za marafiki! Nikarudi mashimoni mbio na swali moja tu. Baada ya siku mbili mistari ilikuwa imejipanga yenyewe, rika kwa rika, kutoka kilima hadi kilima. Nilichora huku naimba.

Kisha nikajiweka na mimi mchoroni, nukta ya pembeni, maana nami ni wa kijiji. Wenzangu walipoingia jando nilikuwa shule ya bweni. Mimi nilitahiriwa hospitalini, peke yangu. Nilitafuta mstari wa kunifikia, sikuupata. Kumbe ndiyo sababu habari za nyumbani huwa nazisikia mwisho. Iliniuma, sitaficha.

Chuoni, msimamizi aliutazama mchoro akaita wenzake waje waone. Mada ilipita palepale, na furaha yangu haikufichika. Halafu akaweka kidole kwenye nukta moja ya pembeni.

"Hii haina mstari hata mmoja," alisema. "Iondoe, haimo kwenye mtandao."

Nilifanya marekebisho yote aliyonipa. Ile nukta sikuiondoa.